Kutoka maabara ya minyoo hadi dawa za protini: njia kwa kijana wa Unguja na Pemba

Mwongozo huu ni wa kijana aliyemaliza Form Six, mwanafunzi wa chuo, au fundi sanifu wa maabara aliyeko Wete, Chake, Mjini au Makunduchi, ambaye amesikia kwamba dawa nyingi za siku hizi ni protini na anataka kazi ya kuzitafuta. Nianze na lililo chungu: hapa visiwani hakuna kampuni ya kwenda kubisha hodi. Hatuna kiwanda cha kingamwili (protini za ulinzi wa mwili) wala maabara inayobuni insulini mpya. Tulizonazo ni maabara chache nzuri zinazofanya kazi nyengine, na ndani yake unaweza kujenga ustadi uleule ambao maabara za dawa za Nairobi, Cape Town au Cambridge huutafuta kwa mtu anayeanza. Ukisubiri kampuni ije ndipo uanze, utazeeka unasubiri.

Hatua ya kwanza: ijue kazi yenyewe

Chukua insulini. Kila mtaa una mzee anayejichoma, na kichupa chake kinakaa mlangoni mwa friji pamoja na mayai. Hiyo ni protini ndogo, amino asidi (vijenzi vya protini) 51 tu, zilizopangwa katika minyororo miwili: mmoja wa 21, mwengine wa 30. Haimezwi, kwa sababu tumbo litaimeng'enya kama chakula chochote chengine. Haigandishwi, kwa sababu barafu huharibu umbo lake, na protini iliyopoteza umbo imepoteza kazi. Ndiyo maana muuguzi anamwambia bibi aiweke kati ya nyuzi 2 na 8, na asiisogeze karibu na barafu.

Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na kwa muda wa miaka sitini hivi ilikuwa ikitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1978 watafiti wa Genentech, kampuni ya California, na wenzao walifanikiwa kuwafanya bakteria wa E. coli watengeneze insulini ya binadamu. Mwaka 1982 dawa hiyo ikaidhinishwa Marekani. Kwa Muislamu wa hapa kwetu anayeumwa sukari, tofauti ya kongosho la nguruwe na chombo cha bakteria si ndogo.

Kundi la pili, na ndilo kubwa zaidi katika soko la leo, ni kingamwili. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, Uingereza, walionesha namna ya kupata seli zinazotoa kingamwili za aina moja tu bila kukoma. Kingamwili moja ina uzito wa kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekyuli) 150 hivi, wakati insulini haifiki hata 6. Kwa ukubwa huo, na kwa sababu inavaa sukari zinazowekwa na seli za mamalia, bakteria haiwezi kuitengeneza ikakamilika. Hutumika zaidi seli za CHO, ambazo asili yake ni ovari za hamsta wa Kichina, mnyama mdogo mfano wa panya. Trastuzumab ya saratani ya matiti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ni ya kundi hili.

Sasa kazi. Mtu mmoja hatafuti dawa ya protini peke yake. Kuna anayechagua shabaha, yaani kitu mwilini au kwenye kijidudu ambacho dawa itakishika. Kuna anayeandaa jeni na kuipachika kwenye plazmidi, yaani duara dogo la DNA linaloingizwa kwenye bakteria. Kuna anayekuza seli au bakteria. Kuna anayeisafisha protini itoke peke yake, bila takataka za seli. Kuna wa vipimo: inashika shabaha kwa nguvu gani, inadumu kwa muda gani, inajikusanya mabonge au haijikusanyi. Kuna wa kompyuta anayebashiri umbo na kupendekeza mabadiliko. Halafu kuna wa wanyama wa majaribio, na mwisho madaktari wa majaribio kwa binadamu. Kutoka shabaha hadi hospitali hupita miaka kumi, na mara nyingi zaidi, na protini nyingi hufia njiani.

Wewe chagua mkono mmoja wa kuanzia. Mtu akiniuliza, nitamwambia usafishaji na vipimo. Si kazi ya kujigamba mbele ya watu, lakini kila maabara ya protini duniani inamhitaji mtu anayeweza kuleta protini safi Jumatatu na akaweza kuileta vilevile Jumatatu ya pili.

Hatua ya pili: masomo ya skuli

Hapa nitakuwa mfupi. Ukiweza, chukua PCB (fizikia, kemia, biolojia). Mwenye CBG (kemia, biolojia, jiografia) hajafungiwa mlango, lakini fizikia itamkosesha baadhi ya shahada, basi asome vigezo vya kila chuo kabla ya kujaza fomu. Na somo la BAM, yaani hesabu za msingi, ambalo wengi hulifanya ili lipite tu, ndilo utakalolitumia kila siku: kuchanganya bafa (kimiminika kinachozuia uasidi usibadilike) ni hesabu ya uwiano, na kusoma matokeo ya kipimo ni hesabu ya logarithimu. Aliyemaliza Form Four akaenda stashahada ya maabara ya afya naye yumo njiani. Atachelewa miaka miwili mitatu, lakini atafika chuo kikuu mikono ikiwa imeshazoea, na huo ni mtaji.

Hatua ya tatu: shahada, na namna ya kuikagua

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya biolojia ya molekyuli na bioteknolojia. Sokoine, Morogoro, wana bioteknolojia na sayansi za maabara. Muhimbili wana sayansi za maabara za tiba na famasia. SUZA ya Tunguu ina skuli ya afya na sayansi za tiba, na ina wahitimu wa sayansi na ualimu ambao baadaye hugeukia utafiti. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ipo kwa ajili ya Wazanzibari. Soma tangazo lake la mwaka husika, usitegemee aliloambiwa kaka yako miaka mitatu nyuma.

Jina la shahada lisikubabaishe. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kozi unayoitaka, umuulize maswali mawili tu. La kwanza: wewe mwenyewe umeshika pipeti mara ngapi, au mlikuwa mnamtazama mkufunzi? La pili: mradi wa mwaka wa mwisho mlifanyia wapi? Akikujibu kwamba walikuwa thelathini kwenye mashine moja na mradi ulikuwa wa hojaji, basi ujue shahada hiyo itakupa nadharia, na mikono utaitafuta nje. Si sababu ya kuiacha. Ni sababu ya kujipanga kwa likizo.

Nyumbani nako utaulizwa: kwani wewe si unasomea udaktari? Jibu lenye amani ni kwamba unasomea dawa zenyewe. Bi mkubwa ataridhika, na mjomba ataendelea kukutangaza mtaani kuwa daktari; usipoteze jioni kumsahihisha.

Hatua ya nne: jenga mikono hapahapa

Hii ndiyo hatua ninayoona vijana wetu wanairuka, na ndiyo yenye faida kuliko zote.

Pemba, pale Wawi, Chake Chake, kuna Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na wakfu wa Kitaliano wenye jina la mtaalamu huyo wa vimelea. Imejulikana duniani kwa kichocho na minyoo ya tumbo. Kijana wa bioteknolojia akisikia "minyoo" hukunja uso. Akose yeye. Angalia kipimo cha Kato-Katz kinavyofanywa: choo kinapitishwa kwenye wavu, kinajazwa kwenye tundu la kipimo linalobeba miligramu 41.7, kinatandazwa kwenye kioo, mayai yanahesabiwa kwa hadubini, na idadi inazidishwa kwa 24 ili upate mayai kwa gramu. Kioo kisomwe kwa wakati wake, kwa sababu mayai ya safura hufifia yakicheleweshwa. Vioo kadhaa vinasomwa upya na mtu wa pili ambaye hajui wa kwanza aliandika nini. Kipimo kisichobadilika, muda unaochungwa na msomaji wa pili asiyejua jibu la mwenzake: nidhamu hiyo ndiyo inayotakiwa kwenye maabara ya kingamwili. Kinachobadilika ni kilichomo kwenye kioo.

Maabara hiyohiyo imeshiriki utafiti wa kimataifa wa AMANHI, ambao uliweka akiba ya sampuli za kina mama na watoto wachanga kutoka Bangladesh, Pakistan na Pemba. Sampuli za aina hiyo hukaa kwenye friza la nyuzi 80 chini ya sifuri, kila kichupa na namba yake, kila kisanduku na ramani yake. Mtu aliyelelewa kwenye utaratibu huo haulizwi maswali mengi akienda kuomba kazi ya sampuli za protini.

Unguja kuna Mkemia Mkuu wa Serikali, ambako utajifunza kromatografia, yaani kutenganisha vitu vilivyochanganyika kwa kuvipitisha kwenye kolamu. Kuna Wakala wa Chakula na Dawa, ambao kazi yao ni ubora wa dawa zinazoingia. Kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo Zanzibar tangu 1978. Na Kizimbani kuna watafiti wa kilimo. Usiangalie bango la mlangoni. Uliza wana mashine gani na nani atakusimamia.

Barua ya maombi ipitie chuoni kwako, na iwe fupi. Mfano (PCR ni kunakili kipande cha DNA mara nyingi, jeli ni ya kutenganisha molekyuli kwa ukubwa, ELISA ni kipimo kinachotumia kingamwili kugundua kitu kwenye sampuli):

"YAH: OMBI LA MAFUNZO KWA VITENDO, JULAI HADI SEPTEMBA. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa bioteknolojia. Naomba nafasi ya wiki kumi katika kitengo chenu cha vipimo vya damu. Nimeshafanya kwa mikono yangu: kupima kwa pipeti, PCR na jeli. Sijawahi kufanya ELISA, na ndiyo ninayotaka kujifunza. Naishi Chake kwa ami yangu, hivyo naweza kufika saa moja na nusu asubuhi kila siku, na zamu za Jumamosi naziweza."

Heshima na taadhima iishie mstari mmoja. Mkuu wa maabara anataka kujua unaweza nini, huwezi nini, na kama utafika kwa wakati.

Ukishaingia, fanya zoezi hili kabla ya kugusa sampuli ya mtu. Weka kikombe kidogo juu ya mizani ya desimali nne, ifute isome sifuri, kisha tia maji mikrolita 100 kwa pipeti. Yasome: gramu 0.1, pungufu kidogo tu. Rudia mara kumi bila kumwaga, ukiandika kila nyongeza. Zikicheza kati ya 0.097 na 0.103, mkono wako bado. Mara nyingi kosa ni kuachia kitufe kwa pupa wakati wa kuvuta, au kuizamisha ncha chini mno hadi maji yakanata nje yake. Ivute polepole, ncha iwe milimita mbili tatu chini ya uso wa maji, isubiri kidogo, kisha itoe kwa kuigusisha ukutani mwa chombo. Namba zikikaa pamoja, umeshapata kitu ambacho baadhi ya wenye shahada ya pili hawana.

Daftari nalo lina sheria zake. Kalamu ya wino, tarehe kila ukurasa, hakuna kuchana wala kufuta kwa wino mweupe. Kosa linapigwa mstari mmoja ili lisomeke, na saini pembeni. Andika namba ya toleo la kila kemikali. Andika na lililoharibika. Jaribio lililoshindwa ambalo limeandikwa vizuri linamwokoa mwenzako wiki mbili.

Na umeme. Wazanzibari hawahitaji kuhadithiwa: Unguja inapata umeme wake kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara, na mwaka 2008 tulikaa gizani, kisha tukarudia kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Protini iliyokaa kwenye friza lililozimika usiku kucha huenda ikaonekana kwa macho vilevile ilivyokuwa, na isishike chochote. Kwa hiyo jifunze jenereta linavyowashwa, jua namba ya simu ya mlinzi wa zamu, andika joto la friza asubuhi na jioni, na gawa kila protini kwenye vichupa vingi vidogo, vikae kwenye mafriza mawili tofauti. Ukiulizwa kwenye usaili nje ya nchi "umewahi kukabiliana na tatizo gani la vifaa," una jibu ambalo mwenzako wa Boston hana.

Hatua ya tano: tumia kompyuta, maana hiyo haingoji meli

Kemikali za maabara hutoka mbali na husubiri forodhani. Data hazisubiri. Benki ya maumbo ya protini, PDB, ipo tangu 1971 na ni bure. AlphaFold, programu ya akili mnemba, imebashiri maumbo ya protini zaidi ya milioni 200, na mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper walipewa Nobeli ya kemia kwa kazi hiyo, pamoja na David Baker anayebuni protini mpya zisizokuwepo kwa maumbile. ColabFold, njia rahisi ya kuitumia AlphaFold, inafanya kazi kwenye kivinjari, kwenye kompyuta za Google, kwa hiyo hata laptopu kuukuu na bando la usiku vinatosha.

Anza hivi. Fungua UniProt, hazina ya bure ya mifuatano ya protini mtandaoni, tafuta P01308. Hiyo ni insulini ya binadamu. Utaona ina amino asidi 110. Lakini tumesema insulini ina 51! Usikimbilie kumuuliza mtu. Shuka chini kwenye ukurasa, utaona sehemu zake: 24 za mwanzo ni anwani tu inayoiongoza protini kuingia kwenye njia ya kutolewa nje ya seli, hukatwa. Zinafuata 30 za mnyororo B, mbili za kukatia, 31 za kipande cha kati, mbili nyengine za kukatia, na 21 za mnyororo A. Jumlisha: 110. Kipande cha kati, kinachoitwa C-peptaidi, ndicho daktari anachokipima damuni akitaka kujua kama kongosho la mgonjwa bado linatengeneza insulini yake mwenyewe. Kwa saa moja umesoma jeni, kiwanda cha seli, dawa na kipimo cha hospitali.

Kisha itie amino asidi zote 110 kwenye ColabFold. Utapewa umbo lenye rangi na alama ya uhakika kutoka 0 hadi 100. Zaidi ya 90, liamini. Chini ya 50, sehemu hiyo huenda haina umbo la kudumu kabisa, inaningʼinia tu. Zoea kutazama alama kabla ya kutazama uzuri wa picha. Na jihadhari na anayekwambia kompyuta imemaliza kazi ya maabara: programu inabashiri umbo, haikwambii protini itazalika kiasi gani, itadumu kwenye joto la Chake mwezi wa pili, au itamdhuru mgonjwa.

Anayependa upande huu zaidi ajue kwamba IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, ilifungua kampasi yake Bweleo mwaka 2023, na wanafundisha sayansi ya data na akili mnemba. Si biolojia, lakini mtu wa data anayeelewa protini ni bidhaa adimu. Na mitaala ya bure ya mtandaoni ya EMBL-EBI, taasisi ya data za biolojia iliyoko Uingereza, inatosha kumfundisha biolojia atakayoihitaji kuanzia.

Mwenye mawazo ya bahari naye ana pa kuanzia. Ziconotide, dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004, ni kipande cha protini cha amino asidi 25 kilichonakiliwa kutoka sumu ya konokono wa baharini wa jamii ya Conus. Jamaa za konokono huyo wamo kwenye miamba yetu. Wavuvi wanawajua kwa magamba yao mazuri, na ndiyo maana nasema kwa herufi kubwa: USIMUOKOTE KWA MKONO. Wengine wa jamii hiyo wameshaua watu. Anza na mfuatano wa sumu zao ulioko kwenye UniProt.

Hatua ya sita: protini moja, tangu jeni hadi iwe safi

Kabla ya kumaliza shahada ya kwanza, au mapema kwenye shahada ya pili, hakikisha umeipitisha protini moja njia nzima kwa mikono yako. Nzuri ya kuanzia ni GFP, inayong'aa kijani, iliyotolewa kwa yavuyavu wa bahari ya Pasifiki na kuwapa Osamu Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien Nobeli ya mwaka 2008. Uzuri wake ni kwamba unaiona kwa macho. Huna haja ya mashine ya kukwambia umeipoteza wapi.

Unaitia plazmidi kwenye E. coli. Unawakuza kwenye mchuzi wa virutubisho kwa nyuzi 37 hadi uwe na ukungu wa kiasi. Unatia IPTG, kemikali ya kuiwasha jeni, ili waanze kutengeneza, unashusha joto hadi nyuzi 18 na kuwaacha usiku kucha. Kwa nini baridi? Kwa sababu wakiharakishwa, protini nyingi hujikunja vibaya na kuganda mabonge, na mabonge hayafai. Asubuhi unawakusanya kwenye sentrifuji, unawapasua, unazungusha tena, na kimiminika cha juu unakipitisha kwenye kolamu ya nikeli. Protini yako imefungwa mkia wa histidini sita, na mkia huo hushikamana na nikeli. Vyengine vinapita. Unaosha kwa imidazoli kidogo (kemikali inayougombania nikeli na mkia huo), unaitoa kwa imidazoli nyingi, milimola 250 hivi kwa lita. Kwenye kolamu utaona mstari wa kijani ukishuka. Nimeona watu wazima wanaacha chai kuja kuutazama.

Mwisho ni jeli. Protini za mwanzo, zilizopita, zilizooshwa na zilizotoka, kila moja kwenye mstari wake. Kwenye mstari wa mwisho unataka bendi moja karibu na kilodaltoni 27. Ukiona na nyengine chini yake, yumkini protini yako inakatwakatwa. Fanya kazi kwenye barafu, tia dawa ya kuzuia vimeng'enya, na usiende kuswali Ijumaa ukaiacha mezani. Iweke kwenye barafu kwanza.

Piga picha jeli hiyo, ibandike daftarini, andika umepata miligramu ngapi kwa lita moja ya mchuzi. Kwenye maombi ya kazi, sentensi "nimesafisha protini X, miligramu kadhaa kwa lita, usafi huu, jeli hii hapa" ina uzito kuliko ukurasa mzima wa "mchapakazi, mwaminifu, anayejituma."

Hatua ya saba: vuka bahari, kwanza karibu

Vijana hutazama Ulaya kwanza. Mimi natazama Bagamoyo kwanza, ambako Taasisi ya Afya Ifakara imefanya majaribio ya chanjo za malaria zilizotengenezwa kwa protini: R21, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023, na zile za RH5 zinazolenga kijidudu kikiwa ndani ya damu. Halafu Kilifi, Kenya, kwenye mpango wa KEMRI-Wellcome ulioanza 1989: utafanya kazi ya kiwango cha dunia na jioni ukaongea Kiswahili sokoni. Nairobi wapo ILRI wa utafiti wa mifugo na icipe wa utafiti wa wadudu. Arusha ipo Taasisi ya Nelson Mandela kwa shahada za pili na tatu. Chuo Kikuu cha Ghana kina WACCBIP, kituo cha biolojia ya seli za vijidudu vya maradhi. Cape Town wapo H3D, kituo alichokiasisi Kelly Chibale mwaka 2010; hao wanatafuta zaidi dawa za molekyuli ndogo, lakini namna wanavyoendesha utafutaji wa dawa kuanzia shabaha hadi majaribio ni shule tosha.

Kwa ufadhili tazama Commonwealth, DAAD ya Ujerumani, Chevening na Erasmus Mundus. Tarehe za mwisho hubadilika kila mwaka, na zinapita kimyakimya. Ziandike kwenye kalenda ya simu.

Ukimwandikia profesa, usimwandikie "Dear Sir/Madam" kwa watu arobaini. Soma makala moja ya maabara yake hadi uielewe, mwandikie mistari minane: wewe ni nani, umefanya nini kwa mikono, swali moja la kweli kuhusu makala hiyo, na unaomba nini. Ambatanisha picha ya ile jeli. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili, kisha nenda kwa mwengine. Na anayekuomba pesa ili akupe nafasi ya kazi au masomo, mfute.

Ukitaka kubeba sampuli kutoka hapa kwenda huko, iwe damu, mate au konokono, kibali kwanza. Utafiti wa afya Zanzibar una kamati yake ya maadili chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya, na sampuli inayovuka mpaka inahitaji mkataba wa maandishi unaosema ni ya nani na itafanyiwa nini. Kupata kibali kunaweza kuchukua miezi. Kiombe kabla hujakata tiketi.

Hatua ya nane: kazi yenyewe na mkataba wake

Nafasi za kuanzia ni fundi wa maabara au msaidizi wa utafiti. Shahada ya pili inakupa kusimamia majaribio. Ya tatu, miaka mitatu hadi mitano, inakupa kuyabuni. Kama hutaki kusoma hadi huko, si dhambi: mafundi wazuri wa usafishaji wa protini hugombaniwa, na wengine hulipwa vizuri kuliko wenye udaktari wa falsafa waliokosa mradi. Pia usidharau kazi za jirani. Kibaha kuna kiwanda kinachokuza bakteria wa kuua viluwiluwi vya mbu, na kuna wakala wa maabara za mifugo wanaotengeneza chanjo. Kukuza bakteria kwenye tangi kubwa ni ujuzi uleule unaohitajika na kiwanda cha insulini.

Kazi nyingi za utafiti huku kwetu ni za mradi, na mradi una mwisho. Kabla ya kutia saini uliza: fedha zinatoka kwa nani na zinakwisha lini? Mshahara unapita wapi, na makato ya hifadhi ya jamii yanapelekwa? Nikisafisha protini hii miaka miwili, jina langu litakuwemo kwenye makala, na nafasi ya ngapi? Nikiondoka naruhusiwa kubeba nakala ya daftari? Uulize kwa adabu, lakini uulize, na majibu yaandikwe kwenye barua pepe siku hiyohiyo.